Geji ya presha ya methanoli kwenye Forester ya turbo: inafaa, ila ujue inachokuambia

Wakuu habari zenu. Hii ni kwa wenye gari za turbo ambao tayari wamefunga ule mfumo wa kupulizia maji na methanoli kwenye injini, au wako mbioni kufunga. Siongelei seti nzima, naongelea kitu kimoja tu, geji ya kuonyesha presha ya ule mchanganyiko ukiwa njiani kwenda kwenye nozeli, ile ncha inayopuliza ukungu. Watu wananunua pampu, wananunua nozeli, wanamlipa mtu wa mapu, yule anayepanga programu ya kompyuta ya injini, hela ndefu, halafu geji wanaiona ni pambo la dashibodi. Aisee sio pambo.

Niliyofunga mimi ni ya umeme, kipenyo milimita 52 ile saizi ya kawaida, sensa yake inasoma kuanzia 0 mpaka 300 psi (kipimo cha presha), uso mweusi na namba katikati. Jina silitaji kwasababu halina maana, ukiitafuta mtandaoni unaikuta hiyohiyo inauzwa kwa majina tofauti tofauti na bei zinatofautiana kidogo tu. Mi imenitoka hela pungufu ya tairi moja jipya la gari hilohilo, kwahiyo kwenye bei sina neno.

Gari ni Subaru Forester yenye injini ya EJ20, intakula yake (rejeta ya kupoza hewa inayotoka kwenye turbo) iko juu ya injini, na anayeijua Dar mchana wa saa nane ukiwa kwenye foleni ya Ubungo anajua hiyo intakula inageuka jiko. Unakuja kukanyaga barabara ikifunguka, hewa inayoingia inachemka, injini inaanza kugonga (petroli inajilipukia ovyo ndani ya silinda), kompyuta inarudisha taimingi ya cheche nyuma na gari linakuwa zito kama limebeba mchanga. Hizi gari zilisetiwa Japani kwa petroli yao ya oktani karibu 100, yetu ya sheli haifiki huko. Ndo maana watu wanapulizia. Kilo moja ya maji ikigeuka mvuke inakula joto karibu kilojuli 2,260, methanoli karibu 1,100, petroli haifiki hata 400, kwahiyo ukichanganya nusu kwa nusu ukapulizia kwa ukungu mwembamba hewa inapoa kweli, na methanoli yenyewe oktani yake iko juu.

Sasa hapo ndo utamu na hatari vinapokaa pamoja. Ukishapuliza, mtu wa mapu anaongeza busti (presha ya hewa ya turbo) na anasogeza taimingi mbele kwa kutegemea ule ukungu uwepo. Siku ukungu haupo na wewe umekanyaga mpaka chini, hakuna cha kukuonya, pistoni zinapigwa kabla hujajua kitu, na EJ hazijulikani kwa uvumilivu kwenye eneo hilo. Tena ikitokea Dar ni mbaya zaidi kuliko Iringa, maana busti ya psi 17 ya usawa wa bahari ina hewa nyingi zaidi kwenye silinda kuliko busti 17 ileile ukiwa mita 1,500 juu.

Na tatizo hili sio la leo. Oldsmobile kule Marekani walitoa Jetfire mwaka 1962, V8 ya turbo yenye tenki lake la maji na methanoli, wakaweka mpaka taa ya kuonyesha maji yanaisha na valvu ya kubana busti yakiisha kabisa. Wateja walikuwa hawajazi tenki, wanalalamika gari halina nguvu, mradi ukafa mwaka uliofuata. Kwahiyo wazo la kumwangalizia dereva lilikuwepo tangu mwanzo, dereva mwenyewe ndo shida.

Turudi kwenye geji. Pampu nyingi za hizi seti zinasukuma kati ya 150 na 200 psi, zingine zaidi kidogo. Kosa ninaloliona sana ni mtu kwenda Kariakoo kuchukua geji ya oili ya 0 mpaka 150 kwasababu ipo na ni rahisi. Hiyo itagota mwisho kila ukikanyaga na sensa yake haitadumu. Chukua ya 300 psi au bar 20, basi.

Na chukua ya umeme, tafadhali. Kuna watu wanapenda geji za kimekanika zile za mpira mwembamba unaopita mpaka kwenye dashibodi wakisema zinasoma kweli zaidi. Kwa oili sawa, tuvumiliane. Kwa methanoli hapana kabisa, ule mpira ukivuja una sumu inayopofusha macho ndani ya gari, na ikishika moto mchana mwali wake hauuoni vizuri. Jamaa wa Buick Grand National, gari la turbo la Marekani, ambao ndo wamekubuhu na mambo ya alkoholi kwenye turbo, wakitaka kusoma presha ya petroli kwa geji ya kimekanika wanaibandika nje kwenye kioo cha mbele, hawaiingizi ndani. Wana akili zao.

Kufunga sio kazi ngumu lakini kuna vitu fundi asipoambiwa ataharibu. Kwanza sensa ikae karibu na nozeli, sio kwenye buti pale pampu ilipo, kwasababu mpira ukichomoka katikati ya safari pampu inaweza kuendelea kuonyesha presha kidogo pale mlangoni kwake wakati mbele hakuna kitu. Pili, ile tii ya kuunganishia ikiwa ya plastiki, sensa ya waya mmoja inayotegemea bodi kupata negativu haitasoma, itakaa sifuri na mtalaumu geji bure. Yangu ni ya waya tatu kwahiyo haikunisumbua. Tatu, tepu nyeupe ya mafundi bomba. Fundi wangu alikuwa ameshaizungusha mpaka kwenye ncha ya meno, nikamwambia kaka hiyo toa, kipande kikikatika kinaenda moja kwa moja kuziba nozeli ambayo tundu lake ni dogo balaa. Acha jino la kwanza wazi au tumia gundi ya maji inayovumilia alkoholi. Tii iwe ya shaba au chuma kisichoshika kutu, aluminiamu italiwa taratibu.

Inasoma vipi? Kwenye silensa, yaani injini inawaka tu hujakanyaga, namba inakaa chini, kwangu inabaki na presha kidogo iliyonasa kati ya pampu na ile valvu ya umeme iliyo kwenye nozeli. Hiyo presha iliyonasa nimeipenda kuliko nilivyotarajia. Ukizima gari usiku ukaiona iko 70 na asubuhi ukaikuta sifuri, ujue kuna pahali panavuja, na kama ni ile valvu ndo inapitisha basi injini ikiwa silensa itakuwa inanyonya mchanganyiko taratibu kwa vakyumu yake yenyewe. Bila geji ungejuaje?

Ukikanyaga, kontrola inaanza kuamsha pampu busti ikifika kama 8 na namba inapanda pamoja na busti mpaka kwangu inatulia 165 hivi. Hiyo 165 ndo namba yangu, yako itakuwa nyingine kutegemea na pampu, voltiji na saizi ya nozeli. Iandike mahali. Maana hapa ndo watu wanapotea: geji inapima presha, haipimi kiasi kinachotoka. Nozeli ikiziba presha haishuki, INAPANDA. Ukizoea kuwaza presha kubwa ni salama utaona 190 utafurahi kumbe kinachopulizwa ni nusu ya kawaida. Kwangu ikivuka 175 nasimama naangalia nozeli, ikishuka chini ya 140 naangalia tenki, mpira na pampu.

Halafu hesabu kidogo. Presha ikishuka nusu, kinachotoka hakishuki nusu, kinabaki kama asilimia 70, kwahiyo kupungua kidogo kusikutie presha wewe mwenyewe. Lakini kumbuka busti nayo inasukuma upande wa pili wa nozeli, pampu ikiwa 60 na busti 18 kinachofanya kazi kweli ni 42 tu, na kwa presha ndogo hivyo hupati ukungu, unapata matone, na matone hayapozi hewa.

Nilivyoiona kazi yake vizuri ni njia ya Iringa. Kitonga yenyewe unapanda nyuma ya malori taratibu hakuna cha kuonyesha, ila kule juu ukishatoka, barabara inafunguka, tenki langu liko kwenye buti na lilikuwa limebaki chini kabisa. Nakanyaga kwenye kona ndefu naona namba inacheza, 165, 140, 90, 150, mchanganyiko umekimbilia upande mmoja wa tenki na pampu inavuta hewa. Kabla sijatoa mguu kengele ya geji ikalia na busti ikashuka yenyewe mpaka kile kiwango cha chini cha springi ya westigeti, valvu inayobana nguvu ya turbo.

Hiyo ya kushuka yenyewe ndo sababu kubwa ya kununua geji yenye waya wa alamu. Huo waya unaendesha relei, relei inakata umeme wa valvu ya kuongoza busti, mchezo umeisha. Macho yako hayawezi kuwa kwenye geji na barabarani kwa wakati mmoja, tusidanganyane. Ila alamu ya presha ndogo peke yake italia muda wote ukiwa silensa, kwahiyo ilibidi tuweke swichi ya presha ya hewa kwenye mpira wa busti inayofunga ikifika 10, ndo alamu inaruhusiwa kuongea. Karatasi ya maelekezo iliyokuja na geji haisemi lolote kuhusu hili, na hapo nawakata maksi. Waya wa sensa nao ni mfupi, tuliunga. Na usiku mwanga wake ni mkali mno hata ukipunguza, nimebandika kaplastiki cheusi juu.

Kuna mtu aliniuliza kama anaweza kutumia gongo. Kaka hapana, hujui ina maji kiasi gani na ule uchafu wake utaziba nozeli safari ya kwanza. Methanoli nunua kwa muuza kemikali aliyesajiliwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, vaa glovu, na chupa iandike maandishi makubwa mtoto asije akaigusa. Hakuna cha kuonja.

Kama gari lako lina busti ya kiwandani na unapulizia tu kupoza hewa bila kugusa mapu, hii geji sio lazima, ukungu ukikatika unarudi ulipokuwa. Lakini kama mapu imesetiwa kwa kutegemea methanoli, mi naona funga geji kwanza ndo uende kwa mtu wa mapu. Geji za kupima kiasi kinachotoka zipo, na kiukweli ndo jibu kamili la nozeli kuziba, ila bei yake ni nyingine. Kwa sasa ninachofanya, kila nikisafisha filta nachomoa nozeli, naielekeza kwenye chupa yenye vipimo, naendesha pampu sekunde 30 huku namwambia dogo aniangalizie namba kwenye geji, nikipata mililita zilezile kwa presha ileile narudisha nozeli naendelea na safari.