Kifaa cha TENS kwa Maumivu Sugu ya Mgongo: Tathmini ya Mtumiaji

Miongoni mwa vifaa vinavyonunuliwa na watu wenye maumivu sugu, yaani maumivu yanayodumu au kujirudia kwa zaidi ya miezi 3, TENS ndicho kinachosifiwa kupita kiasi na wauzaji na kudharauliwa kupita kiasi na watu waliokijaribu kidogo wakakitupa kabatini. Ni kisanduku kinachoenea kiganjani, kinachopitisha umeme hafifu kwenye neva kupitia vibandiko vya jeli vinavyogandishwa kwenye ngozi. Nimekitumia kwa muda mrefu kwa maumivu ya mgongo wa chini, na tathmini hii inahusu aina iliyozoeleka: chaneli mbili (yaani njia mbili za umeme zinazorekebishwa kila moja peke yake), vibandiko vinne, betri ya kuchaji, na orodha ndefu ya programu zilizopangwa tayari. Hukumu yangu naitoa mapema: kifaa kinafaa, mradi mnunuzi anakitaka kimpe nafasi ya kusogea, si kimponye.

Msingi wake wa kisayansi si wa kubuniwa na wafanyabiashara. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba uti wa mgongo hufanya kazi kama lango: taarifa za maumivu, zinazosafirishwa na neva nyembamba, zinaweza kuzuiwa zisipande hadi kwenye ubongo iwapo neva nene, zile zinazobeba hisia za mguso, zitachangamshwa wakati huohuo. Ndiyo sababu mtu aliyejigonga goti hulisugua bila kufundishwa. Mwaka 1967 Wall na William Sweet walionyesha kwamba umeme unaopitishwa kwenye neva unaweza kuondoa maumivu sugu kwa muda. Nadharia yenyewe imerekebishwa tangu hapo, lakini kiini chake kimebaki. (Wazo ni la kale zaidi: katika karne ya 1 daktari wa Kirumi Scribonius Largus alitumia samaki mwenye umeme kutibu maumivu ya kichwa na jongo, jambo linalofanya vibandiko vya leo vionekane vya upole sana.)

Udhaifu mkubwa wa bidhaa hii, kwa maoni yangu, hauko kwenye umeme wake bali kwenye kijitabu cha maelekezo, ambacho hueleza vitufe kwa kirefu na kunyamaza kuhusu vipimo vinavyobeba kazi yote. Vipimo hivyo ni nguvu ya umeme, idadi ya mipigo kwa sekunde, na urefu wa kila mpigo. Nguvu ndiyo inayokosewa zaidi: mtumiaji mpya huipandisha hadi asikie mtekenyo mdogo, akaridhika hapo, kisha akalalamika kwamba hakuona badiliko lolote. Hisia inayotakiwa ni kali, ila isiyoumiza, na kwa kuwa neva huizoea baada ya dakika chache, inabidi nguvu ipandishwe tena kidogo kidogo kadiri muda unavyokwenda.

Kuhusu mipigo, iliyo mingi, kama 80 hadi 120 kwa sekunde, huleta msisimko mfululizo na nafuu ya haraka ambayo mara nyingi hufifia muda mfupi baada ya kuzima. Iliyo michache, kama 2 hadi 10, humgonga mtu kwa vipindi na kumtikisa misuli, na si kila mmoja huivumilia. Namna zote mbili huuchochea mwili kutoa kemikali zake zenyewe za kutuliza maumivu. Lakini mipigo michache hupitia vipokezi vilevile vya mwilini vinavyotumiwa na mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu, na kwa hiyo mtu aliyezoea dawa za jamii hiyo kwa muda mrefu anaweza asione tofauti, na hapaswi kukata tamaa kabla ya kujaribu mipigo mingi. Mwili pia hukizoea kifaa kikitumiwa kila siku kwa mpangilio uleule. Kwa sababu hiyo, programu inayobadilisha mipigo yenyewe ndiyo pekee, kati ya zile zilizopangwa tayari, ninayoiona ya maana. Nyingine zenye picha za bega, goti na kiwiko nazihesabu kuwa mapambo.

Vibandiko hugandishwa kulizunguka eneo linalouma, juu ya ngozi safi, kavu, isiyopakwa mafuta. Vibandiko hivi ndivyo gharama isiyotajwa kwenye tangazo, kwa sababu jeli hukauka, pembe hunyanyuka, umeme hujikusanya sehemu ndogo na kuanza kuchoma. Kuviloweka kwa tone la maji huvirudishia uhai kwa muda tu. Baadhi ya watu pia huota vipele kwa sababu ya gundi, na kwao kuna vibandiko vya ngozi nyepesi kudhurika. Betri na waya sina la kulalamikia.

Ushahidi wa tafiti lazima usemwe kwa uaminifu, kwa kuwa haupendezi pande zote. Mapitio ya mwaka 2019 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, yalishindwa kufikia uamuzi kuhusu maumivu sugu kwa sababu tafiti zilizokuwapo zilikuwa za ubora wa chini mno. Nchini Uingereza, mwongozo wa mwaka 2021 wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu nchini humo, kuhusu maumivu sugu yasiyo na chanzo kingine haukupendekeza TENS. Ulipendekeza mazoezi na tiba za kisaikolojia. Kwa upande mwingine, uchambuzi mpana wa mwaka 2022 uliokusanya tafiti 381 ulionyesha kwamba maumivu hupungua wakati kifaa kimewashwa au punde tu baada ya kuzimwa. Nikiyasoma haya pamoja sioni mgongano mkubwa kama unavyodaiwa. Nafuu ipo, ni ya muda, na swali la maana ni mtu anaifanyia nini.

Hapo ndipo kifaa hiki kinapostahili bei yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kwa wanawake wenye faibromialgia, ugonjwa wa maumivu sugu yanayoenea mwilini, ulipima maumivu wanayopata wakiwa wanatembea au kufanya shughuli, si wakiwa wamelala, na baada ya wiki 4 waliotumia TENS halisi walikuwa na maumivu madogo kuliko waliopewa kifaa cha kuigiza. Hilo linalingana na ninavyokitumia. Nikikaa nacho kitini, napata saa ya utulivu na mgongo uleule mgumu. Nikikifunga kiunoni kabla ya kutembea au kunyoosha viungo, naweza kufanya mazoezi ambayo maumivu yangenizuia kuyaanza, na mazoezi hayo ndiyo yanayoleta faida ya kudumu. Mtaalamu wa tiba ya viungo anayepanga mazoezi yenyewe anafaa zaidi kuliko programu yoyote iliyomo kisandukuni.

Matangazo yanayoahidi kwamba mnunuzi ataachana na dawa siyakubali. Wapo wanaopunguza vidonge wakitumia TENS, lakini baadhi ya dawa za maumivu ya neva na zile za jamii ya mofini huleta madhara zikikatishwa ghafla, kwa hiyo upunguzaji ni wa kupanga na daktari. Mwenye kidhibiti mapigo ya moyo kilichopandikizwa asikitumie bila idhini ya daktari wake wa moyo, na mwenye kifafa au ujauzito naye aulize kwanza. Vibandiko havibandikwi mbele ya shingo, karibu na macho, juu ya jeraha, wala kwenye ngozi iliyokufa ganzi, ambayo haitamwambia mtu kwamba inaungua. Kisitumiwe mtu akiendesha gari.

Kwa mwenye maumivu ya mgongo au viungo ambaye yuko tayari kufanya mazoezi, nakipendekeza. Kwa anayetaka kukaa chini na kusubiri kifaa kimponye, fedha zake zitatulia zaidi mfukoni. Atakayenunua achague kinachomruhusu kurekebisha nguvu na mipigo kwa mkono, chenye kufuli la vitufe ili umeme usipande kwa bahati mbaya kikiwa mfukoni, na ahakikishe tundu za waya ni za kipimo cha kawaida, kwa sababu vibandiko vinavyoingia kwenye kifaa cha kampuni moja tu huadimika mapema kuliko kifaa chenyewe kinavyochakaa.