Fundi aliyelitengeneza jiko langu la feruzi, akalibandua

Nilikwisha amua kuipa kampuni hii ya mafundi wa majiko nyota moja, tena moja kwa sababu sifuri haimo. Sasa nasitasita. Lakini hasira ninayo bado, kwa hiyo nianze nayo.

Nyumba tuliyonunua hapa Columbus, Ohio, ilijengwa katikati ya miaka ya 1950, na mama wa watu aliyekuwa akiishi humo hakuwahi kukubali jikoni kwake kubomolewe. Watoto wake walipokuwa wakituzungusha walituomba radhi kwa ajili ya jikoni hiyo. Radhi ya nini! Makabati ya chuma yanafunga kwa mlio mzito, kaunta ni ya fomika, na pale ukutani limesimama jiko la umeme la rangi ya feruzi, linang'aa kama bahari ya Pangani saa nne za asubuhi. Mume wangu bado alikuwa nje anakagua paa. Mimi moyoni nilikuwa nimeshahamia.

Watu wananiuliza nimeona nini kwenye jiko kuukuu. Nimeona rangi. Kwa miaka mingi jikoni za Marekani zilikuwa nyeupe kama zahanati. Vita vikaisha, watu wakajenga, wakataka furaha ndani ya nyumba. Mwaka 1955 kampuni ya General Electric ikatoa vyombo vya jikoni vya rangi tano: waridi, manjano, buluu, kahawia na feruzi, mtu achanganye anavyopenda, na mwaka huohuo mashine za KitchenAid za kukorogea unga nazo zikavishwa rangi. Waridi ilikuwa imeshapata mwenyewe: Mamie Eisenhower alivaa gauni la waridi mumewe alipoapishwa kuwa rais mwaka 1953, na wanawake wakaipeleka rangi ile hadi bafuni. Hata Nixon, makamu wa rais wa Marekani, na Khrushchev, kiongozi wa Usovieti, walipozozana kule Moscow mwaka 1959, walizozana mbele ya jikoni ya maonyesho ya rangi ya manjano. Baadaye ikaja kijani ya parachichi, halafu weupe tena, halafu hii stenlesi. Siku hizi naingia nyumba za watu, jikoni yote kijivu tupu, baridi, kama chumba cha kuoshea maiti. Samahani kama yako iko hivyo, lakini ndivyo ninavyoona.

Na rangi ya jiko langu haikupakwa kwa brashi. Ni unga wa kioo, unachomwa juu ya bati la chuma kwa joto la nyuzi 800 hivi za Selsiasi mpaka uyeyuke ushikamane nalo. Ni kitu kilekile cha sahani na mabirika ya bati tuliyokulia nayo. Bibi yangu, Ngamiani kule Tanga, alikuwa na birika la rangi hiihii ya feruzi. Alilitundika mwenyewe na kulitungua mwenyewe. Siku lilipomponyoka binamu yangu, likabanduka kidogo tu karibu na mdomo, bibi hakumpiga wala hakumgombeza. Alikaa mkekani akalipakata. Sisi watoto tulishangaa, kwani birika zima, si limebanduka padogo tu? Baada ya muda pale padogo pakaota kutu, kutu ikala ndani, birika likaanza kuvuja. Kwa hiyo mimi nikiona bati limebanduka, najua ninachokiona.

Sasa kisa chenyewe. Jiko hili huwashwa kwa vitufe, na kila kiwango cha moto kina taa ya rangi yake. Mwezi uliopita hivi, au kabla yake kidogo, kitufe cha moto mdogo wa plati ya mbele kikafa. Kwa mpishi wa wali wa nazi hiyo si hitilafu ndogo. Nikapiga simu kwenye kampuni ya mafundi. Wakamleta kijana, na alipofika mlangoni akasema, "Shikamoo, mama." Moyo ukanifurahi. Kijana wetu! Nikaitika, nikamkaribisha, nikainjika chai.

Akaingia jikoni, akasimama, akacheka.

"Mama, hili bado mnapikia? Kwetu lingeshafugiwa kuku."

Nikanyamaza, maana mgeni ni mgeni. Kisha akakitua kisanduku chake cha vifaa, cha chuma, juu ya jiko langu, vile mtu anavyotua mzigo wa kuni. Nikasikia *ta!* Alipokisogeza nikaona doa jeusi, ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho, pembeni mwa plati. Miaka zaidi ya sitini mama wa watu amepika hapo, amelea watoto hapo, doa hilo halikuwepo.

"Mwanangu, umelibandua."

"Kidoa tu, mama. Hakizuii kupika."

Hakizuii kupika. Neno hilo nalala nalo naamka nalo. Hata pole sikupewa. Akasema madukani kuna rangi za kuzibia. Nimezitafuta. Nimepata nyeupe, nyeusi na rangi ya maziwa. Feruzi yangu sikuiona popote. Nikapiga simu ofisini kwao, na dada aliyepokea akaniambia kwa umri wa jiko hilo halina thamani ya kulipiwa fidia, ila wanaweza kunipunguzia bei nikinunua jipya. La stenlesi! Nikamkatia simu. Sijawahi kumkatia mtu simu maishani mwangu.

Hapo ndipo nilipotaka kuishia, na ningeishia hapo ningekuwa nimemdhulumu yule kijana. Kwa sababu kazi aliifanya. Nilikuwa nasubiri aniambie kipuri hakipatikani, kama wanavyosema wote. Hakusema. Alifungua ubao wa vitufe, akatoa swichi ndogo ndogo moja moja, akazipanga juu ya kitambaa kwa mpangilio wake, akasugua vishikizo vya shaba kwa msasa laini mpaka vikang'aa. Alikaa saa mbili. Chai ikapoa hajaigusa. "Vya zamani vinafunguka, mama," alisema, kichwa kimo ndani. "Vya sasa vimegandishwa, kikifa kidogo unatupa chote." Aliporudisha umeme akabonyeza vitufe vyote, taa zikawaka moja baada ya nyingine, na yeye aliyekuwa akicheka sasa hakucheka. Alizizima akaziwasha tena, bila sababu yoyote ya kifundi.

Usiku ule nilipika wali kwa moto mdogo, ukakauka vizuri, ukoko mwembamba wa kahawia chini. Sijapata moto wa namna ile kwenye jiko lolote jipya nililopikia nchi hii.

Basi nyota ngapi? Kwa mikono yake, nne. Nilikwisha andika tano nikaenda kupanga vyombo, nikaliona doa, nikarudi kufuta. Kwa ofisi yao sitoi hata moja, na mwenye jiko la zamani asiipigie simu ofisi ile, watamuuzia jokofu hajaomba. Na bado namlaumu kijana kwa lile neno kuliko kwa kisanduku. Kisanduku alikitua bila kufikiri, neno alilichagua.

Kila usiku nikimaliza kupika napangusa pale palipobanduka kwa kitambaa kikavu, kisha napaka tone la mafuta ili kutu isipate njia. Kitufe kingine kikifa nitamwita yeye, moja kwa moja, namba yake ninayo. Chai atapata. Kisanduku atakiacha barazani.