Kijitabu cha mfukoni cha katiba ya Marekani: nyota 3, na zote ni za kurasa za nyuma

Haya wadau, nina kama miezi miwili na hiki kijitabu, katiba ya Marekani pamoja na marekebisho yake yote 27, vile vidogo vinavyoingia mfuko wa shati. Vinachapishwa na watu wengi kwa hiyo mchapishaji wa hiki changu simtaji, ila kama na chako kina dibaji ya kurasa nne iliyoandikwa kama hotuba ya mgeni rasmi basi tuko pamoja.

Karatasi nyembamba lakini wino hauvuji upande wa pili, fonti ndogo kama ya maelekezo ya dawa. Gundi ndo mbovu. Karatasi yenye Marekebisho ya 14 ilichomoka wiki ya pili tu, na katika zote hiyo ndo nisingependa ipotee, ntaeleza.

Kilichonifanya nikipende ni kwamba wenzetu wale marekebisho hawayaingizi ndani ya katiba, wanayabandika nyuma. James Madison, mbunge aliyeyapendekeza yale ya kwanza mwaka 1789, alitaka kila moja likae mahali pake humo humo ndani, mbunge mwenzake Roger Sherman akang'ang'ana yakae mwishoni, na Sherman akashinda. Unaweza kuona ni mambo ya kupanga kurasa tu, lakini matokeo yake hakuna kinachotoweka. Kile kipengele cha kuwahesabu watumwa kama sehemu tatu kati ya tano za mtu bado kipo Ibara ya Kwanza, unakisoma hivi hivi kwa macho yako, alafu unafunua nyuma unakutana na Marekebisho ya 13 ya 1865 na ya 14 ya 1868 yanayokizima. Na neno utumwa kwenye maandishi ya mwanzo halipo kabisa, wamelizunguka zunguka wee wakaishia kusema "watu wengine wote", linatajwa kwa mara ya kwanza pale linapopigwa marufuku! Hapo niliweka kijitabu chini nikaenda kunywa maji. Kwingine kipengele kibaya kikitolewa kinaondoka na aibu yake, Kenya kile kifungu cha 2A cha chama kimoja kiliingizwa 1982 kikatolewa 1991, na aliyeshika katiba baada ya hapo hakikuti.

Sasa lawama. Hawa jamaa wamechapisha yote bila alama yoyote ya kuonesha kipi kimeshapitwa na wakati, hakuna mabano, hakuna nyota, hakuna mstari pembeni. Mi nikasoma Ibara ya Kwanza kwamba maseneta wanachaguliwa na mabunge ya majimbo, nikaingia grupu la WhatsApp nikabishana nusu saa nzima na picha ya ukurasa nikawatupia, kumbe tangu Marekebisho ya 17 mwaka 1913 wanachaguliwa na wananchi moja kwa moja. Mpaka leo kuna mtu ananiita Seneta. Kwa hilo peke yake nimekata nyota nzima.

Nyota ya pili imekatwa na dibaji. Mwandishi anarudia rudia "haki walizopewa wananchi" na marekebisho kumi ya kwanza ya 1791, kama vile kuna mtu alikuwa anagawa. Mzee, geuza kurasa zako mwenyewe! La kwanza linaanza na Kongresi, yaani bunge lao, linaikataza kutunga sheria ya kuanzisha dini au ya kubana midomo ya watu na magazeti, yaani anayefungwa kamba pale ni serikali. La tisa ndo linamaliza ubishi, linasema haki fulani kuorodheshwa haina maana kwamba zingine ambazo hazijaorodheshwa wananchi hawana. Ukishaamini haki ni zawadi ya karatasi basi siku karatasi ikibadilishwa utakaa kimya, na mi nadhani huko ndiko watu wengi waliko, kila marekebisho yakija wanauliza tutapewa nini badala ya kuuliza nani anafunguliwa kamba.

Alafu dibaji haisemi popote kwamba hayo kumi mwanzoni yaliibana serikali kuu tu, Mahakama ya Juu ilisema hivyo wazi mwaka 1833, jimbo lako likikuonea ulikuwa huwezi kuyatumia kujitetea. Ni lile la 14, ile karatasi yangu iliyochomoka, ndo lilifungua mlango, na hata hapo mahakama zilichukua miongo kuyashusha moja moja mpaka kwenye majimbo. Kuliruka hilo ni kama kuuza gari usiseme injini iliwekwa baadaye.

La 18 lisomeni pole pole, lile la 1919 la kuzuia kutengeneza, kuuza na kusafirisha pombe. Karibu yote mengine yenye kugusa haki yanaibana serikali, hili likamgeukia raia, na 1933 likafutwa na la 21, ndo pekee lililowahi kufutwa na lenzake. Utasema hata la 13 linambana mtu binafsi, ndiyo, linambana asimmiliki mwenzie, sio kitu kimoja na kumwambia asiuze bia.

Kuhusu ugumu wa kurekebisha, theluthi mbili za kura katika kila moja ya mabaraza mawili ya Kongresi alafu robo tatu ya majimbo, yaani 38 kati ya 50, mi siulalamikii sana ingawa najua wengi wanasema umewagandisha. La 27, lile la mishahara ya wabunge wa Kongresi, lilipendekezwa 1789 likapita 1992 baada ya mwanafunzi wa Texas, Gregory Watson, kulifufua kwa barua alizowaandikia wabunge wa majimbo, na insha yake aliyoliandikia chuoni alipewa C. Mwalimu sijui alikuwa anataka nini.

Kwa hiyo kinunue kama unapata toleo lenye alama, dibaji iruke. Changu nimekiandika kwa penseli pembeni, "kimepitwa, ona 17", "ona 14", na karatasi iliyochomoka nimeibana na klipu. Anayekiazima arudishe na klipu yangu.