Sarafu za Gallienus: ukitaka mungu, mtafute kwa mnyama wake

Niliagiza miungu wa Kirumi, nikapokea paa, chui, mbuzi na farasi mwenye mabawa. Simlaumu muuzaji kwa hilo, ndivyo sarafu hizi zilivyo.

Ni antoniniano, sarafu ndogo za Kirumi, za Kaizari Gallienus, zilizogongwa Roma mwaka 267 na 268. Baba yake, Valerian, alitekwa na Waajemi mwaka 260, Gaul (Ufaransa ya leo) nayo ikajitenga chini ya jenerali mwasi, Postumus. Kwa hiyo Gallienus aliwaomba ulinzi miungu chungu nzima. Kila sarafu ina jina la mungu na herufi CONS AVG, yaani mlinzi wa Kaizari, ila mungu mwenyewe hayupo, kawekwa mnyama wake. Diana, wa uwindaji, ana paa; Sol, wa jua, ana Pegasus, yule farasi mwenye mabawa; Neptune, wa bahari, ana farasi mwenye mkia wa samaki. Jupiter, mwenye radi zake zote, kapewa mbuzi! Anasimuliwa kuwa alinyonyeshwa na mbuzi Amalthea, basi tumwachie. Mimi nampenda zaidi sentauri (nusu mtu, nusu farasi) wa Apollo anayevuta upinde: mwili ni wa kukwaruzakwaruza, lakini mkono una nguvu. (Ulinzi wenyewe haukumfaa. Mwaka 268 maofisa wake walimuua akiwa ameizingira Milan.)

Fedha usiitafute. Kufikia miaka hiyo haikuzidi asilimia 5, iliyobaki ni shaba iliyong'arishwa juu kwa fedha. Sarafu ya Sol bado ina weupe kidogo kwenye ndevu za Kaizari. Nyingine ni kahawia tupu. Vibamba, yaani vipande vya madini vya kugongwa, pia vilikuwa vidogo kuliko muhuri wa kugongea, ndiyo maana maandishi mengi yamekatika ukingoni.

Kasoro ni za muuzaji. Ya Neptune imesuguliwa hadi shaba ikawa nyekundu, na mistari ya brashi inaonekana kwa macho. Chui wa Liber, mungu wa mvinyo, ameandikwa "simba", ingawa LIBERO inasomeka wazi na herufi B, alama ya karakana iliyoigonga, iko chini ya miguu yake. Tena zimefungwa kwenye vifuko vya plastiki laini ya PVC, ambayo hula shaba taratibu. Zihamishe siku hiyo hiyo.

Picha zilikuwa za kweli na mzigo haukuchelewa. Nyota tatu kati ya tano. Ukinunua kwake, dai kwanza picha ya upande wa nyuma iliyopigwa kwa mwanga wa pembeni, maana kichwa cha Gallienus utakipata popote. Ya Neptune amekubali kuipokea tena.