Kitabu cha mazoezi ya majibu mafupi kwa gaokao ya Beijing: uzoefu wangu

Nafundisha Kiingereza wanafunzi wa gaosan, yaani mwaka wa mwisho wa sekondari ya juu nchini China. Kitabu ninachokieleza hapa kinahusu sehemu moja tu ya gaokao, mtihani wao wa kuingia chuo kikuu: yuedu biaoda, ufahamu ambao mwanafunzi hachagui A, B, C au D bali anaandika jibu kwa maneno yake. Jina la mchapishaji naliacha, kwa sababu vitabu vya aina hii vinafanana sana na mengi ninayoyasema yatamfaa hata mwenye kitabu kingine. Kwa kifupi, mazoezi ya maswali matatu ya kwanza ni mazuri, majibu ya mfano ya swali la nne yasikaririwe, na bila mtu wa kusahihisha kitabu hiki kinabaki karatasi tu.

Tuanze na mtihani wenyewe, maana walimu wengi wageni huanza kufundisha kabla hawajaujua. Tangu 2021, karatasi ya kuandika ya Kiingereza ya Beijing ina alama 100 na inafanywa kwa dakika 90. Alama 50 nyingine hutoka kwenye mtihani wa kusikiliza na kuzungumza unaofanywa kwa kompyuta. Katika zile 100, majibu mafupi yana 12: swali la kwanza na la pili alama 2 kila moja, la tatu 3, la nne 5. Ufahamu wa kuchagua una 28, ndiyo maana wengi huupa muda wote. Lakini mwanafunzi mzuri huko huwa ameshafika karibu na juu kabisa, wakati kwenye majibu mafupi anaendelea kudondosha alama tatu au nne kila mara bila kujua zimekwendaje. Kumnunulia kitabu cha pili cha maswali ya kuchagua si msaada.

Kitabu kimepangwa kwa mada tatu za mtaala: mtu na nafsi yake, mtu na jamii, mtu na mazingira. Kila kifungu cha habari kinakaa ukurasa mmoja, kikifuatiwa na maswali manne na mistari ya kuandikia. Maneno magumu yana maana yake kwa Kichina ndani ya mabano, kama ilivyo kwenye mtihani. Hili ni jambo la maana kuliko linavyoonekana. Kitabu kisichofanya hivyo kinamlazimisha mwanafunzi kukimbilia kamusi, na zoezi la kujibu linageuka kuwa zoezi la msamiati. Majibu yako kwenye kijitabu cha pembeni kinachochomoka. Kichomoe siku ile ile na ukitunze wewe.

Vifungu vingi ni vya mitihani ya majaribio ya wilaya: Haidian, Xicheng, Dongcheng, Chaoyang. Kila wilaya hutunga yimo, jaribio la kwanza la majira ya kuchipua, kisha ermo mwezi Mei. Ubora wake haulingani. Maswali ya gaokao yenyewe yamepimwa neno kwa neno, ya wilaya yana makosa hapa na pale, na yale ambayo mchapishaji amejitungia ndiyo dhaifu zaidi. Nashauri yapangwe hivi: anza na ya wilaya, ruka ya mchapishaji, na karatasi halisi za miaka iliyopita zitunze kwa wiki za mwisho, kwa sababu ni chache na haziongezeki ila moja kwa mwaka.

Sasa niingie kwenye majibu, ndiko kazi iliko. Mfano huu nimeutunga mwenyewe. Tuseme kifungu kinahusu maktaba ya mji mdogo inayoazimisha vifaa vya ufundi, na mkutubi anasema: "We noticed that many of our neighbours bought a drill, used it once and left it in a cupboard for years, so we decided to put a shelf of tools beside the novels." Swali la kwanza linauliza: "Why did the library start lending tools?"

Mwanafunzi atanakili sentensi nzima, kuanzia "We noticed" hadi "novels". Anadhani yuko salama kwa kuwa kila neno limetoka kwenye kifungu. Kumbe jibu hilo lina kasoro tatu. "We" ni nani? Si mwanafunzi, ni mkutubi. Nusu ya pili ya sentensi haijibu "kwa nini", inarudia tu kilichofanyika. Na msahihishaji hana njia ya kujua kama mwandishi ameelewa au amekisia mahali jibu lilipo. Jibu la alama 2 ni fupi: "Because many people there bought tools but seldom used them." Maneno kumi.

Kutokana na hapo nawafundisha kuanza na umbo la swali kabla ya kutafuta jibu. "Why" inajibiwa kwa "Because" na sentensi kamili, au kwa "To" na kitenzi ikiwa swali linahusu lengo. "How" mara nyingi inataka "By" na kitenzi chenye -ing. "What" inataka nomino au fungu la nomino. Wakiandika neno la kwanza kabla ya kurudi kwenye kifungu, nusu ya kunakili inaisha yenyewe, kwa kuwa sentensi ya kifungu haikubali tena kuingia mzimamzima.

Hatua inayofuata ni kukagua viwakilishi: kila "I", "we", "my", "this" na "it" iliyotoka kwenye kifungu igeuzwe au ipewe jina lake. Halafu nyakati za vitenzi. Kichina hakibadilishi kitenzi kwa wakati wala kwa nafsi, kwa hiyo -s ya "he thinks" na -ed ya jana hupotea hata kwa mwanafunzi anayezijua kanuni vizuri. "A" na "the" hupotea kwa sababu hiyo hiyo, kwani hazimo katika lugha yao. "He" na "she" huchanganywa pia. Sisi tuliolelewa na Kiswahili tunalielewa tatizo hilo upesi, na tuwe na subira nalo. Kuna pia "Because ... so" na "Although ... but" zilizowekwa pamoja katika sentensi moja, muundo ambao Kichina kinaukubali na Kiingereza hakiutaki. Na mkato: wanaunganisha sentensi tatu kamili kwa mikato mitupu, jambo la kawaida katika maandishi ya Kichina. Yote haya kitabu hakiyataji. Kinatoa jibu sahihi na kunyamaza.

Swali la tatu ndilo sababu yangu ya kukipenda kitabu hiki. Mwanafunzi anapewa kauli moja yenye sehemu ya uongo; aipigie mstari sehemu hiyo, kisha aeleze kwa nini si kweli. Tuendelee na maktaba yetu: "The library lends tools to everyone in the town so that it can earn money for new books." Ikiwa kifungu kimesema vifaa vinaazimishwa bure kwa wakazi wote ili kupunguza upotevu, sehemu ya uongo ni "so that it can earn money for new books", na maelezo ni: "According to the passage, the tools are lent free of charge in order to reduce waste." Kijitabu cha majibu kinatoa alama 1 kwa mstari na 2 kwa maelezo, nami nasahihisha hivyo hivyo.

Hapa makosa ni ya aina mbili. La kwanza ni mstari. Wengine wanaipigia kauli nzima kwa woga, na hilo halionyeshi kwamba wamepata kosa. Wengine wanapigia neno moja, "earn", na kuacha kundi la maneno linalobeba uongo. Nawaambia wakate kauli vipande: nani, amefanya nini, kwa nani, kwa kiasi gani, kwa sababu gani. Kila kipande kitafutiwe ushahidi kwenye kifungu na kuwekewa alama ya vema, na kile kisichopata ndicho cha kupigia mstari. Uongo hupenda kukaa kwenye sababu na lengo, au kwenye maneno ya kiasi kama "all" na "only", lakini asiruke vipande vingine kwa kuzoea hivyo.

La pili ni maelezo matupu. "Because the library doesn't want to earn money" ni kukanusha tu, kauli ile ile ikiwa na "doesn't" ndani yake. Maelezo lazima yalete kilicho kweli kutoka kwenye kifungu. Mwanafunzi akiambiwa hili mara moja atasahau. Akilazimishwa kuandika upya kila jibu la aina hiyo, baada ya vifungu vichache linamkaa.

Baadhi ya kauli ndani ya kitabu zina sehemu mbili zinazoweza kuitwa za uongo, hasa zile za mchapishaji. Kama wanafunzi wawili makini wamepiga mstari sehemu tofauti na kila mmoja ana ushahidi, kosa ni la swali. Lifute na uwaambie wazi kwamba swali ni bovu. Wanafunzi hawa wamezoea kuamini kitabu kuliko macho yao.

Swali la nne lina alama 5 na linataka takriban maneno 40 ya mawazo ya mwanafunzi. Hapa kitabu kinaniangusha. Majibu yake ya mfano yana maneno 60 au 70, misamiati mizito na sentensi ambazo kijana wa miaka 17 hawezi kuzitunga chini ya saa inayokimbia. Mbaya zaidi, yanafanana: yanaanza kwa msemo ule ule, yanataja faida mbili zisizo na mwili, na yanafunga kwa kusifu juhudi. Mwanafunzi anayekariri matano ya namna hiyo atayabandika kwenye swali lolote, liwe la michezo au la urafiki.

Mimi nafuata mpango wa sentensi tatu: jibu lako, sababu yako, na kitu kimoja halisi kutoka maisha unayoyajua. Kwa swali "Besides tools, what else could a library lend, and why?", jibu hili linatosha: "I think a library could lend musical instruments. Many students want to try the guitar or the erhu, but buying one costs a lot. Borrowing lets them find out whether they really like it before their parents spend money." Ni maneno 39, na kila moja mwanafunzi wa kawaida analijua. Asome swali mara mbili pia, kwa sababu likisema "besides" au "in addition to", jibu lililochukuliwa kwenye kifungu halina thamani. Na likiuliza mambo mawili, "what" na "why", moja likiachwa alama zinaondoka nalo.

Kuhusu muda: dakika 12 kwa maswali yote manne, kusoma kukiwemo. Zikizidi, zinaliwa kutoka kwenye barua ya mwisho yenye alama 20. Kifungu kimoja kwa siku, siku tatu kwa wiki, kinatosha kabisa. Vifungu vitano Jumapili moja ni kujichosha, kwa sababu hakuna anayerudi kuviandika upya. Utaratibu wangu ni kujibu kwa kalamu nyeusi, kusahihishwa kwa kalamu nyekundu kwa kuonyesha mahali pa kosa bila kuandika jibu, kisha mwanafunzi aandike upya chini yake kesho yake akiwa amefunika jibu la kwanza. Jibu la pili ndilo ninalolipa alama.

Mistari ya kitabu ni kasoro nyingine. Ni mirefu na mingi kuliko nafasi ya karatasi ya majibu ya mtihani, ambayo husomwa kwa mashine na kusahihishwa kwenye skrini, na maandishi yaliyotoka nje ya fremu hayahesabiwi. Chapisha nakala ya karatasi ya majibu ya mwaka uliopita na wajibie humo tangu mwanzo, kwa kalamu nyeusi ya milimita 0.5. Angalia pia nukta zao: kiduara cha Kichina mwishoni mwa sentensi ya Kiingereza kinajipenyeza sana.

Mwanafunzi wa Tianjin, jiji jingine lenye karatasi yake, asikinunue kitabu hiki. Huko kuna maswali matano ya alama 2 kila moja, na kila swali limewekewa kikomo cha maneno, mfano yasizidi 10. Stadi kubwa ni kupunguza, na swali la kupigia mstari halipo. Wa Shanghai naye anaandika muhtasari wa maneno yasiyozidi 60, kazi tofauti kabisa. Kwa Beijing, nunua toleo la mwaka huu lenye yimo za karibuni, chomoa kijitabu cha majibu, na kwenye kurasa za swali la nne piga msalaba mkubwa juu ya kila jibu la mfano kabla mwanafunzi hajaliona.