Uzoefu wangu: upasuaji wa mawe ya nyongo Mwanza na mrija wa nyongo uliojeruhiwa

Niliondolewa kifuko cha nyongo kwa upasuaji wa matundu (wa kamera, kupitia matundu madogo tumboni) katika hospitali moja hapa Mwanza, baada ya mawe kunitesa chini ya mbavu za kulia kila nilipokula sato wa kukaanga. Mapokezi yalikuwa mazuri na wauguzi walikuwa wastaarabu. Malalamiko yangu yanaanzia pale niliporuhusiwa kurudi Igoma na karatasi yenye tarehe ya kutoa nyuzi na jina la dawa ya maumivu, bila neno hata moja kuhusu dalili za hatari.

Siku chache baadaye tumbo lilijaa, macho yakawa ya manjano, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, choo kikapauka na viganja vikaniwasha usiku kucha. Niliporudi nilipimwa malaria, haikuonekana, nikapewa dawa ya gesi. "Mama, vumilia, kidonda cha ndani huchukua muda," aliniambia daktari wa zamu. Kwa maoni yangu, hapo ndipo huduma iliposhindwa, kwa sababu mgonjwa wa nyongo mwenye macho ya manjano anastahili kipimo cha ini na ultrasaundi siku hiyohiyo.

Hospitali ya rufaa niliyokwenda baadaye ilifanya vipimo hivyo na kukuta majimaji chini ya ini. Waliingiza mpira wa kutolea majimaji kupitia ngozi, na mfuko ukaanza kujaa nyongo ya kijani iliyoacha madoa kwenye shuka yasiyotoka kwa sabuni yoyote. Daktari bingwa alinichorea nyuma ya fomu: mrija mkuu unaotoka kwenye ini ulikuwa umebanwa klipu (kibanio kidogo cha kuziba mrija) na kukatwa, ukidhaniwa kuwa ule mwembamba wa kifuko. Alisema hilo huwapata watu wachache sana, takriban 3 hadi 5 kati ya 1,000 wanaofanyiwa upasuaji wa matundu, na kwamba mrija ukikatika kabisa steni (kijibomba kinachowekwa ndani ya mrija ili nyongo ipite) pekee haitoshi. Walisubiri maambukizi yaishe, kisha wakaunganisha kipande cha utumbo mwembamba na mrija uliobaki.

Huduma hiyo naisifu, ingawa mifuko ya kukingia nyongo tulinunua wenyewe nje. Ripoti ya upasuaji wa kwanza ilipatikana pale tu daktari bingwa alipoipigia simu hospitali ile. Hadi sasa napima ini mara kwa mara, kwa kuwa maungio yanaweza kusinyaa hata baada ya miaka, na nimeagizwa nikipata homa ya kutetemeka niende moja kwa moja rufaa.