Lenzi ya Samyang 14mm f/2.8 ya mtumba kwa picha za usiku: miaka miwili nayo, sifa na lawama

Nianze na bei maana najua ndo mnachotafuta. Niliinunua mtumba laki tano na nusu, ya Canon, na jamaa wa dukani (duka silitaji) akaniapia kabisa kwamba ina otofokasi (inajilenga yenyewe) ila "inabidi uiseti". Nimeseti mpaka nimechoka. Hii Samyang ya zamani haina otofokasi, na ya Canon niliyonayo haina hata chipu, ukiifunga kwenye bodi kamera inakuandikia F00 kama vile hujafunga kitu, apecha (lile tundu la kupitisha mwanga, ndo hizo namba za f/) unazungusha mwenyewe kwenye ringi. Lipo toleo la otofokasi lakini hiyo ni lenzi nyingine na bei nyingine. Kwa hiyo ukiapiwa kama nilivyoapiwa mimi, ama muuzaji haijui lenzi, ama ameshakusoma wewe.

Kazi yangu ni harusi na sendofu hapa Moshi, na niseme ukweli hii lenzi haijawahi kuniingizia hata mia. Niliijaribu ukumbini mara moja tu, mtu akikaa pembeni ya fremu kichwa kinavutika kama papai, shangazi yake bibi harusi akanifuata akaniuliza "mwanangu, kwani nimekukosea nini?" Nikairudisha kwenye begi, mpaka leo haijaingia tena ukumbini.

Sasa kwa nini siiuzi. Mafunzo mengi ya picha za usiku tunayoangalia mtandaoni yametengenezwa na watu wa Ulaya na Marekani, na kule kwao kile kitovu cha Njia Nyeupe (Milky Way, ule mkanda wa nyota), pale penye makundi ya nyota ya Nge na Mshale, kinakaa chini karibu na upeo, unakiwekea tu mlima au mti mbele na lenzi ya 24mm, isiyo pana kama hii, inakutosha. Huku kwetu mambo hayako hivyo. Sisi tuko digrii tatu tu kusini ya ikweta, kitovu kikifika juu kabisa kinakuwa kama digrii 64 kutoka chini, yaani shingo inauma. Ukitaka uweke Kilimanjaro na kitovu kwenye fremu moja kwa 24mm ama unakata mlima ama unakata mbingu. Hii 14mm kwenye kamera ya fulufremu, yenye kihisi kikubwa cha picha (natumia Canon 6D, mzee wangu wa 2012) ukiisimamisha wima inameza vyote na shamba la mahindi linabaki chini. Mimi naona sababu ya kuinunua ni hiyo tu, ila inatosha.

Kitu kingine niliumia nacho mwaka mzima kabla sijashtuka, ukiwa Moshi mlima uko kaskazini na kitovu kinapita kusini, yaani unapiga mlima huku mgongo umewapa nyota zenyewe! Lazima uzunguke mlima. Mimi naenda Kamwanga, unapita Rombo, Tarakea, Rongai, unatokea upande wa kaskazini, hapo Kibo iko kusini yako na mkanda unasimama juu yake. Katikati ya mwezi wa saba kinafika juu kama saa nne na nusu usiku, mwezi wa nane katikati ni saa mbili na nusu, na uende siku za mwezi kuandama, mwezi ukiwa mkubwa lala nyumbani tu.

Upigaji wenyewe. Naweka stendi saa kumi na mbili jioni na kuanzia hapo haiguswi, hata mbuzi akipita namfukuza kwa mbali. Huku jua likizama linazama kama jiwe, ile nuru ya bluu unayo kama dakika ishirini basi, wenzetu wa kaskazini wanakaa nayo mpaka wanakunywa chai. Ndani ya hizo dakika napiga ardhi picha tatu za HDR (za kuja kuunganishwa) kwa f/8, moja ya giza, moja ya kati, moja ya mwanga, zikipishana stopu (ngazi za mwanga) mbilimbili, maana theluji ya Kibo bado inang'aa na shamba limeshakuwa jeusi, picha moja haiwezi kubeba vyote viwili. Giza likiiva napiga ardhi tena dakika nne kwa f/4, halafu moja fupi ya sekunde nne kwa ajili ya taa za nyumba za kijijini zisiwe madoa meupe. Kisha mbingu: f/2.8, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 6400, picha kumi na sita.

Hapo kwenye sekunde za mbingu kuna mtego. Ile kanuni ya kugawa 500 kwa urefu wa lenzi (hizo mm) inakupa sekunde 35. Usiifuate. Nyota zinazopita karibu na utosi wetu huku ndo zinazokimbia kuliko zote kwenye fremu, zile za karibu na ncha za mbingu zinajikokota, na hii lenzi unaielekeza juu kwa hiyo inazibeba hizohizo zenye mbio. Kwa sekunde 35 nilipata punje za mchele. Sasa natumia 15 na nyota zinabaki nukta. Na hapa niisifie lenzi, nyota za pembeni kwa f/2.8 hazioti mabawa kama ndege, kwa lenzi ya bei hii ni maajabu, kwa hilo ndo ilipatia jina.

Fokasi ndo kazi. Alama ya infiniti kwenye ringi usiiamini. Washa skrini, kuza mara kumi, tafuta nyota kali (mimi natumia ile nyekundu ya moyo wa Nge), zungusha taratibu mpaka iwe nukta ndogo kabisa, ukipita inaanza kuvimba, rudi, halafu bandika selotepu. Safari ya kwanza nilibandika vizuri kabisa ila sikuangalia kioo cha mbele, ambacho kimevimba kama jicho la chura na hakipokei filta ya kusokota, kumbe umande umeshakaa. Picha zote za usiku ule ni ukungu. Kosa langu, baridi ya Kamwanga mwezi wa saba siyo ya kitoto. Sasa nina mshipi wa kupasha lenzi unaochomekwa pawa benki, na kati ya picha namulika kioo na tochi ya simu.

Usiku huohuo alikuja mzee mmoja mlinzi wa shamba na rungu lake. Shikamoo mzee. Marahaba, kijana unapiga picha ya nini na giza hili? Nikamwonyesha skrini ya nyuma, akaangalia skrini, akaangalia juu, akaniambia "mbona mimi hizi sizioni zote?" Nikamwambia kamera imefumbua jicho sekunde kumi na tano mzee. Akavuta kigogo akakaa mpaka saa saba.

Kuhariri sitasema mengi ila pale watu wanapoharibu. Zile kumi na sita naziweka kwenye programu ya Sequator, ni ya bure, ya Windows, unaichorea mbingu iko wapi inapanga nyota juu ya nyota na kuacha ardhi ilivyo. Kwa nini kumi na sita, kwa sababu chengachenga (zile punje za picha ya gizani) zinashuka kwa kipeuo cha pili cha idadi, kumi na sita zinapunguza mpaka robo, ukitaka kupunguza nusu tena unahitaji 64 na umande haukusubiri. Kabla ya hapo sahihisha lenzi, na hapa ndo udhaifu wake mkubwa: mistari inajikunja kama masharubu, inapanda katikati inashuka pembeni, na kona ni giza sana kwa f/2.8. Kwa vile haina chipu programu haiwezi kujua ni lenzi gani, unaichagua kwa mkono, darktable inayo kwenye orodha. Sahihisha ZOTE, za jioni na za usiku, ukisahau za jioni mlima wako utakuwa na mabega mawili.

Halafu unaunganisha kwa leya (picha juu ya picha) na maski (ya kuficha sehemu usiyoitaka). Ukingo wa mlima na mbingu kuza asilimia mia mbili utembee nao wote, maski ikiwa kali sana unapata mstari mweusi kama umekata na mkasi, ikiwa laini sana nyota zinaingia ndani ya mwamba, mimi nalainisha pikseli mbili tatu basi. Ile HDR ya kubonyeza kitufe kimoja achana nayo, inazungushia mlima mwanga mweupe kama malaika wa kalenda. Na ardhi ya jioni ishushe mwanga uipe ubaridi kidogo, siyo shamba lina saa kumi na mbili na mbingu ina saa nne. Nikiiweka mtandaoni naandika kabisa ni picha za kuunganishwa, ubishi unapungua.

Kama una kamera ya krop (yenye kihisi kidogo) itafungika, ila hata wima utabanwa karibu sawa na ile 24mm. Kama hutaki kuzungusha ringi kwa mkono usinunue. Ya mtumba ijaribu kwanza, piga ukuta wa matofali kwa f/2.8 uangalie kona zote nne, kama moja imefifia peke yake ishawahi kudondoka hiyo, iache hapohapo.

Yangu siuzi. Ila mwenye kifuniko chake cha ziada anistue, changu kilibaki kwenye mahindi kule Kamwanga na sasa hivi inavaa soksi.